Meli Aliyoichagua Mama Geneviève

Beleshi ilisikika kwanza. Kahindo alikuwa bado upande wa nje wa ua wa matete, hajaona nyumba wala mtu, alipoisikia ikiuma udongo, ikikwaruza jiwe, ikiuma tena. Chini ya sauti hiyo hakukuwa na sauti nyingine. Watu wanaochimba msingi wa nyumba hutaniana, wanaochimba choo huimba. Wanaochimba kimya wanatafuta maiti.

Alisukuma mlango wa ua, akaingia.

Nyuma ya nyumba ya Mama Geneviève, hapo mtaa wa Lumumba, wanaume wa ukoo walikuwa wamezunguka shimo kati ya migomba. Ndani ya shimo alisimama Sébastien, mtoto wa kwanza wa mama huyo, suruali yake ya kanisani imejaa udongo mwekundu hadi mapajani. Alimwona mpelelezi, lakini hakuacha kuchimba.

"Mama Inspekta, umechelewa," alisema. "Siye tumeanza kazi yako."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mama Geneviève, mjane mwenye ng'ombe, mwanamke aliyejulikana kuanzia sokoni hadi Nyankunde, alikuwa ametoweka tangu wiki iliyopita. Waliomwona mara ya mwisho walimwona akiingia na sanduku dogo katika ofisi ya Alphonse, mwuza tiketi za safari kule Mbunya. Hakuna aliyemwona akitoka. Uwanja wa ndege hawakuwa na jina lake. Alphonse alipoulizwa alifunga mdomo, akapigwa, akaufunga zaidi. Na Alphonse hakuwa mtu wa upande wao. Katika vita iliyopita alikuwa wa upande ule mwingine, na katika Bunia ya amani ile, amani iliyolala na viatu miguuni, jambo hilo peke yake lilitosha kumtia mtu pingu.

Kahindo mwenyewe alitoka Butembo. Hakuwa wa upande huu wala ule, na ndiyo sababu Komanda Gustave alimpa kesi hii. Alimpa pamoja na onyo: mvua ya mchana ikianguka kabla hajaleta jibu, Alphonse atapandishwa gari apelekwe gereza kuu. Kati ya kituo na gereza, vijana walikuwa wameshaweka magogo barabarani. Kila mtu alijua kwamba Alphonse hatafika.

"Ju ya nini munachimba hapa?" Kahindo aliuliza.

Sébastien alimweleza huku akirusha udongo. Hapa alilala mdogo wake Divine, na hapa Divine hakuwepo. Divine alikuwa anafua mashuka ndani ya meli kubwa ya watalii. Miaka minne iliyopita alitoka nje kupunga upepo, wimbi likapanda likamchukua, katika bahari ya mbali isiyo na nchi. Meli ilizunguka pale hadi giza, haikuona hata kiatu. Ukoo ukafanya kama mababu walivyofanya mtu anapopotelea pasipofikika: wakakata shina la mgomba lenye urefu wa mtu, wakalivika kitenge cha Divine, wakalilaza katikati ya nyumba, wakalililia, wakalizika. Maana asiyezikwa hurudi kuuliza kwa nini, na hamwulizi mtu mmoja tu.

"Jana mvua ilipiga sana," Sébastien alisema. "Asubuhi tunakuta kaburi imelala, udongo iko mupya. Nani atafungua kaburi ya mutu? Ni yule tu anatafuta fasi ya kuficha mwingine. Alitia mama mu kaburi ya mutoto wake, maana alijua hakuna mwenye atathubutu kutazama humu."

"Mumekuta nini?"

Alimwonyesha kwa kidevu. Kwenye jani la mgomba palikuwa na nyuzi nyeusi zilizooza na kipande cha kitambaa kisicho tena na rangi. Basi.

Kahindo alichuchumaa. Aliuliza kama kaburi, kabla hawajaligusa, lilikuwa limeinuka au limebonyea. Limebonyea, walijibu wawili kwa pamoja. Mmoja akapima kwa kiganja.

"Ukiongeza mutu ndani ya shimo, udongo unazidi," Kahindo alisema. "Hapa umepunguka. Hakuna mwenye aliongeza kitu. Kuko mwenye alitosha kitu humu, akaenda nacho."

"Alitosha mifupa ya Divine!" kijana mmoja akadakia. "Ya kufanyia dawa."

"Mugomba iko na mifupa?"

Mtu alikohoa kicheko, akakimeza. Kahindo alikuwa ameshageukia ukingo wa shimo, upande ambao buti zilikuwa hazijaukanyaga. Chini ya majani ya mgomba yaliyoukinga na mvua palikuwa na alama nyembamba za kijembe, kile cha kupalilia maharagwe. Karibu yake, kwenye udongo uliopata maji ukakauka, palikuwa na vibonyeo viwili vya mviringo, kimoja kando ya kingine. Alitia ngumi yake katika kimoja, ikaenea. Magoti. Mwuaji akichimba huchuchumaa ili awahi kusimama. Aliyechimba hapa alipiga magoti yote mawili, akakaa hivyo muda mrefu, akachukua udongo, akasawazisha kwa mkono, akaenda.

"Papa Sébastien. Siku ile ya kuzika, mama yenu alitupa udongo?"

Beleshi ilisimama. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Alikataa," Sébastien alisema. "Kwetu, mama mwenye alizaa njo anatupa wa kwanza. Tulimungojea na watu wote. Akasema yeye hawezi kuzika muti. Akaingia mu nyumba, akafunga mulango. Nikatupa miye."

"Na matanga?"

"Tuliondoa bila yeye. Nyuma ya matanga akaanza kusema eti ataenda kumutafuta Divine fasi alipo, amupe udongo wa kwao. Nikamukataza. Nilimuambia kaburi moja ikifunguliwa mara mbili inaita mwingine. Sasa ona."

Kahindo alijipangusa mikono. Aliomba jambo moja tu, asiende mtu kituoni kabla yeye hajarudi. Sébastien aliangalia mawingu yaliyokuwa yanapanda kutoka upande wa ziwa.

"Mvua haina mujomba," alisema. "Haibembelezwi."

*

Ofisi ya Alphonse ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, na kioo chake kilikuwa kimevunjwa kwa mawe. Claire, mke wake, alikuwa anaokota vipande akiviweka ndani ya ndoo, polepole, kama mtu anayechagua mchele. Hakushtuka kumwona polisi. Alisema tu kwamba chai hamna, maana jiwe moja lilichagua birika.

Kahindo alimwuliza Mama Geneviève yuko wapi.

"Mume wangu aliapa, na miye nilikuwa pembeni, nikaapa pamoja naye. Sitasema iko wapi."

"Muliapa na juu ya hizi picha?"

Claire aliinua macho ukutani. Ukuta mzima ulikuwa umepambwa kwa picha za meli, nyeupe, ndefu, zenye madirisha kama mizinga ya nyuki.

"Picha?" alisema. "Picha hakuna mwenye alizungumzia."

Basi akasimulia, na Kahindo akamwachia asimulie. Alphonse aliuza tiketi za ndege ndogo za Goma na Kinshasa, na za basi la Kampala. Meli alizitundika kwa uzuri tu, ili mteja anayesubiri awe na kitu cha kuangalia. Hakuna mtu wa Bunia aliyewahi kuuliza habari zake, mpaka siku ya soko moja Mama Geneviève alipoingia na chupa ya maziwa ya mgando, akaiweka mezani, akauliza: hizi zinapita wapi?

Tangu hapo kila siku ya soko alikuja kuchagua meli. Watu walimcheka. Walisema ng'ombe wamempanda kichwani. Alphonse alimtolea picha na karatasi kutoka kwenye mtandao, akamsomea, na yeye akakataa. Moja ilikwenda visiwa vyenye mchanga mweupe na muziki. Akasema hiyo ni ya maharusi. Nyingine ilizunguka bandari za Ulaya, leo mji huu, kesho mji ule. Akasema hiyo inatembea kando kando kama mbuzi anayeogopa mto. Hakuuliza chakula, wala kitanda, wala kama ndani mna kanisa. Aliuliza njia tu.

Kahindo alisogea kwenye ramani ya dunia iliyokuwa juu ya meza, ile ambayo Alphonse aliwaonyeshea wateja Dubai. Upande wa kusini, katikati ya bluu, mbali na kila nchi, palikuwa na doa. Aliligusa, akanusa kidole. Siagi. Kidole cha mtu anayesukasuka maziwa kilikuwa kimegusa hapo, na hapo tu, siku ya soko baada ya siku ya soko, mpaka karatasi ikanywa mafuta.

"Nipe picha zile alikataa," alisema.

Claire alizitoa kwenye mtoto wa meza. Kila moja ilikuwa na mstari mwekundu wa njia yake. Kahindo aliziweka moja moja chini ya ramani, akafuata mistari kwa ukucha. Visiwa vya mchanga mweupe, mbali na doa. Ulaya, mbali. Ya tatu, iliyozunguka Afrika kwa kufuata pwani, mbali.

"Na zile alikubali?"

"Alikubali mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi, inatoka Le Cap, kule Afrika ya Kusini, inakata maji mpaka Amerika. Alifurahi, akacheza hapa hapa na magoti yake mabaya. Halafu..." Claire aliokota kipande kingine cha kioo. "Halafu alienda hospitali ya Nyankunde kupimwa. Aliporudi akasema hiyo ni fupi. Anataka ndefu."

Hapo ndipo Alphonse alipohangaika. Aliandikiana na ofisi za mbali juma baada ya juma. Mwishowe aliipata moja, meli ya wazee matajiri waliokwisha kuona kila kitu: inatoka Le Cap, inapita maji matupu, inashuka hadi kwenye barafu, inagusa visiwa vyenye ndege wengi kuliko watu, halafu inarudi Le Cap kwa njia ile ile ya maji matupu. Alphonse alimwonya. Alimwambia, Mama, mu hii meli hamuna kitu ya kuona, maji tu, wiki na wiki. Yeye akasema: njo hiyo.

Kahindo aliweka mstari wa meli fupi juu ya doa. Ilipita hapo mara moja. Akaweka ule mrefu. Mara mbili, kwenda na kurudi.

"Alinunua na ya kurudi Bunia?"

Claire alitazama barabarani. Nje, pikipiki ilipita ikipiga honi, na mtu juu yake akatukana jina la Alphonse, akaenda.

"Alphonse alimubembeleza. Yule mama akasema ya kurudi atanunua huko huko." Alishusha ndoo. "Mama Inspekta, mu kiapo yetu hakuna neno la mutu kufa. Bwana wangu atakufa?"

Kahindo alikunja ramani, akaiomba, akatoka. Upepo ulikuwa umeanza kubeba vumbi.

*

Komanda Gustave alikuwa barazani, gari likinguruma uani, dereva ameshaketi. Ng'ambo ya barabara gari jeupe la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeegeshwa, na walinzi wake wakitazama kila upande isipokuwa upande wa kituo.

"Umepata maiti?" Komanda aliuliza.

"Nimepata udongo uliopotea."

"Sawa. Tuandike kesi ya wizi ya udongo." Alivua kofia, akajifuta. "Kahindo, mi si mutu mubaya. Vijana wakifika hapa watachoma kituo, na ndani muko watu wengine. Afazali niwape njia. Weye utaniambia nifanye nini?"

"Zima gari kwanza. Mafuta inaenda bure."

Komanda alimwangalia, akacheka kidogo bila furaha, akamwashiria dereva azime.

Alphonse alikuwa ameketi pembeni ya selo, mgongo ukutani, mdomo umevimba. Kahindo aligeuza bidoni tupu la maji, akalikalia. Alimwambia hatamwuliza kitu. Yeye atasimulia, na Alphonse anyamaze tu, kama alivyozoea. Akakunjua ramani sakafuni.

Alianza na magoti kwenye udongo. Mama aliyekataa kuzika mti hakumaliza kuzika mtoto wake, na ukoo ulipoondoa matanga, yeye alibaki ndani ya matanga peke yake kwa miaka minne. Alikuwa na jambo moja la kufanya, kumtupia mwanawe udongo wa kwao mahali alipo. Kaburi la Divine halina njia ya gari wala ya mguu. Lina njia ya meli, na meli karibu zote zinalikwepa, kwa sababu hapo hapana kitu. Ikabidi achague. Alichagua hadi akapata. Hakupita uwanja wa ndege ambapo kila mtu anamjua, bila shaka alitoka ofisini gizani, akapanda gari la wachuuzi wa ng'ombe kwenda Mahagi, akavuka mpaka, akaruka kutoka Entebbe.

Alphonse alifumba macho kwenye neno Mahagi. Kahindo alisubiri mpaka akayafumbua.

"Kunyamaza kwako kunasema vizuri kuliko mashahidi wangu," alisema. "Meli inaondoka lini?"

"Leo jioni."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu akamatwe. Sauti yake ilitoka kama mlango wa ghala.

"Mbele ya meli kuondoka, sisemi mengine," aliendelea. "Niliapa kunyamaza mpaka iache bandari. Wakati wa vita, Sébastien na wadogo wake walikuwa wamekimbilia Uganda. Watu wa kwao wakanifukuza mpaka mu ua wa yule mama. Alinitia kati ya ndama, akanifunika na majani, akasimama mulangoni, akawaambia humu mulimo wanyama tu. Watoto wake hawajui. Ni mie mutu wa kumuuza?"

"Na Nyankunde? Walimuambia nini?"

Alphonse aliangalia ukuta.

"Walimuambia asipande maharagi ya mwaka ujao."

Kwenye bati la selo lilipiga tone moja la mvua, likakoma.

"Kumbe njo sababu fupi ilikataliwa," Kahindo alisema.

"Fupi ingemurudisha ku inchi kavu angali muzima. Ndefu inamupa nafasi. Mara ya kwanza ni ya udongo wa Divine. Kisha, kati ya hapo na mara ya pili, aliniambia, Mungu ataona." Alijipangusa mdomo, akaangalia damu. "Mutu akifia mu meli, wanamuweka mu baridi, wanaita mutoto wa kwanza. Mutoto akisema mulete, wanamuleta. Akisema muache, kapiteni anaomba Mungu, wanamupa bahari. Mama alijua Sébastien atasema mulete, hata kama atauza ng'ombe yote. Akasema nitajaribu tu."

"Vijana wako njiani, Papa Alphonse. Nipe namba ya fasi yuko. Aseme neno moja tu kwamba yuko muzima, na weye unatoka."

"Akisikia niko hapa, atashuka mu meli. Unamujua? Atashuka, na meli ingine ya njia ile haitapita mbele ya maharagi ile ya mwaka ujao."

"Wakikuua?"

"Watanizika. Mie kwetu watanizika na mwili."

Kahindo alisimama. Alimwacha na ramani yake.

*

Barazani alisimama akihesabu alichonacho. Mwanamke ambaye hajawahi kuona bahari, asiyejua Kiingereza, halali hotelini Le Cap. Lazima kuna mtu wa kumpokea, mtu wa lugha yake. Na doa lile la siagi lilikuwa mahali sahihi kabisa. Mtu fulani alimpa Alphonse namba za mahali hapo baharini, zile anazoziandika nahodha. Mtu aliyekuwa ndani ya meli ile siku ile. Mtu aliyepiga simu Bunia kutangaza msiba.

Walitokea kwenye kona bila wimbo na bila filimbi. Vijana wa Lumumba, wengi, na mawe mikononi kama watu wanaobeba matunda. Sébastien alikuwa mbele, beleshi bado begani. Walinzi wa gari jeupe walifunga vioo. Komanda Gustave alimwambia dereva awashe.

Kahindo alishuka ngazi, akasimama kwenye vumbi, mbele ya Sébastien, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Leta ile mutu," Sébastien alisema.

"Nitamuleta. Mbele ya hapo, neno moja. Nani aliwapa habari ya kufa kwa Divine?"

"Unatania?"

"Nani?"

"Ornella. Mutoto wa hapa hapa Lumumba, walifua mashuka pamoja mu meli. Siku hizi ameolewa Le Cap."

"Namba yake iko mu simu yako?"

Sébastien alikunja uso. Ilikuwemo. Hakuifuta kamwe, wala hakuipiga tena. Nani anayependa kupiga namba iliyoleta kifo? Kahindo alimwomba aipige sasa hivi, mbele ya watu wote, na sauti aifungue kila mtu asikie. Kama haitajibiwa na Mama Geneviève, au na mtu aliye kando yake, yeye Kahindo atafungua selo kwa mkono wake.

Nyuma, Komanda Gustave aliguna. Alphonse alikuwa ametolewa hadi mlangoni, mikono imefungwa. Alipomwona Sébastien akitoa simu alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza siku ile machozi yalimtoka.

Simu ililia muda mrefu. Ilijibiwa na mwanamke kijana, na nyuma yake palikuwa na upepo mkubwa na ndege wakipiga kelele. Sébastien alitaja jina lake. Kisha walimsikia Ornella akisema kwa sauti ya chini, Mama, ni kaka mukubwa, yaya Sébastien, na mkono mwingine ukashika simu.

"Sébastien," alisema Mama Geneviève. "Ng'ombe wamekunywa?"

Mawe yalianza kuwekwa chini. Si yote. Mwanamume mmoja mzee aliketi kando ya barabara.

Kahindo alimsogezea Sébastien mkono wenye simu karibu na mdomo, na hapo akasema, akasema ovyo, kwamba walichimba kaburi, kwamba walijua amekufa, kwamba Alphonse yuko hapa, amefungwa, amepigwa, na kwamba walikuwa wanakuja kummaliza.

"Alphonse amefanya nini?"

"Alinyamaza, Mama."

Upepo wa Le Cap ulijaza barabara ya Bunia. Kisha sauti ya Mama Geneviève ilirudi, na haikuwa tena na maziwa wala mchezo ndani yake.

"Niko mu foleni ya kupanda," alisema. "Begi langu limeshaenda. Udongo niko nao mukononi, walitaka kuunyanganya, Ornella akawaomba. Sasa sikia. Kama ule mutoto Alphonse ataumia ju yangu, natoka hapa. Narudi. Mumungojeshe muzima mpaka muone sura yangu. Wakati wa vita nilimuweka kati ya ndama nisimupoteze, sitamupoteza leo. Ornella, waambie warudishe begi."

"Mama, subiri."

"Nasubiri nini? Nimesubiri miaka mine. Nitasubiri tena."

Hapo sauti ilivunjika, mara moja tu, kama kijiti. Sébastien aligeuka, akamwangalia mtu aliyesimama mlangoni na pingu. Alphonse hakukwepa macho yake. Alitikisa kichwa tena, polepole, na Sébastien akaelewa kwamba hakuwa anaomba uhai wake. Alikuwa anaomba simu ikatwe, mwanamke yule apande.

Beleshi ilianguka. Hakuna aliyeiokota.

"Utarudi lini, Mama?" Sébastien aliuliza.

Kule kusini honi ya meli ililia, ndefu, nzito. Ndege walinyamaza, wakaanza tena.

"Mutoto wangu," Mama Geneviève alisema, "sikununua ya kurudi."

Kahindo alimwona akilichukua neno hilo. Alilichukua usoni kwanza, kisha mabegani, akashika nguzo ya ua. Alikuwa mtu wa kwanza wa ukoo, aliyetupa udongo wa kwanza mahali pa mama yake, na sasa vijana wote walikuwa wanamwangalia yeye. Mvua ilianza. Ilianguka matone makubwa, yaliyotengana. Komanda Gustave alizima gari bila kuambiwa.

Sébastien alileta simu karibu na mdomo. Aliongea kwa nguvu, ili asikie mama yake na wasikie wote.

"Rudi mu foleni, Mama. Panda. Alphonse nitamupeleka kwake miye mwenyewe, na mukono wangu mukononi mwake, na mwenye atamugusa amenigusa. Na siku watu wa meli wataniita," alisema, akaanza upya, "siku wataniita, nitawaambia wakuache hapo kwa Divine."